Tiara ya Kuliwa na Mchwa

Mzee alikuwa na mabua kumi na moja miguuni pake, na tisa alikwisha kuyakataa. Moja lilikuwa na kitundu cha mdudu ambacho sikukiona hata aliponionyesha kwa ncha ya kisu. Jingine lilikaukia shambani likiwa limesimama, jua la jioni likalivuta upande mmoja. Jicho halioni, ila ukilibiringisha juu ya kigoda linayumba. La tatu, ambalo mimi ningelichukua bila kusita kwa jinsi lilivyonyooka, aliwatupia wajukuu wakatengenezee gari. "Zito hilo," akasema. Nikaliomba nilipime. Mkononi mwangu lilikuwa kama hewa.

Ilikuwa Julai, karibu na Kolandoto, kwenye barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza. Mtama ulikwisha kuvunwa, mabua yamelazwa uani yakingoja ng'ombe. Mzee huyu alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kuchambulia pamba, na tangu astaafu mikono yake imekataa kustaafu naye: anasokota kamba, anachonga mipini ya majembe, na kila kiangazi anawatengenezea wajukuu tiara mbili au tatu. Nilikuwa nimemsalimu, "Mwadila, babu," naye akaitikia na kunionyesha pa kukaa, macho yakiwa bado kwenye bua la kumi.

Nilikuwa nimetumwa. Wiki iliyotangulia mpwa wangu anayefundisha Tanga alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Tanga hamjambo?"

"Hatujambo. Mjomba, mimi na wenzangu tunataka kuandaa siku ya tiara ufukweni, kule Raskazone. Ila hatutaki kuchafua bahari. Wewe unayeandika mambo ya mazingira, tushauri. Tuweke mapipa mangapi ya taka?"

Nami, na ujuzi wangu wote, nikaanza kuhesabu mapipa. Watu mia tatu, kila watu ishirini pipa moja. Vijana wa kuokota wavae fulana za kijani. Nilikuwa nimefika kwenye magari ya kuzolea nilipomkumbuka babu wa Kolandoto, nikamwambia mpwa wangu asubiri.

Nilipomweleza mzee habari yenyewe, hakuuliza watu watakuwa wangapi wala zawadi ni nini. Aliuliza, "Zitakazokatika zitaanguka wapi?"

Watu wa pwani wana neno ambalo sisi wa bara tumelikopa na hatujalirudisha: arijojo. Tiara iliyokatika uzi ikachukuliwa na upepo imekwenda arijojo, na binadamu aliyepotelewa na mwelekeo naye husemwa hivyo hivyo. Lugha yenyewe, basi, ilikwisha kujua kwamba tiara ni chombo cha kupotea. Waandaaji wa matamasha ndio huja na mapipa wakidhani kila kilichoruka kitashuka kwa utaratibu na kupanga foleni. Mzee anaanzia upande wa pili. Kila tiara anayoitengeneza huihesabu kuwa imekwisha kupotea, kisha ndipo anachagua bua.

Na bua analolichagua ni shingo tu. Kwenye mmea wa mtama, kati ya pingili ya mwisho na suke, kuna sehemu ndefu isiyo na fundo hata moja, laini kwa nje na yenye moyo mwepesi kama povu ndani. Hiyo ndiyo shingo. Mtama wa kienyeji, ule mrefu unaompita mtu na kofia yake, huwa na shingo ya kutosha. Mbegu fupi za kisasa zimeletwa kwa sababu za maana, zinakomaa mapema na hazilali kwa upepo, na mzee mwenyewe amezipanda. Lakini kando ya shamba huacha mistari miwili ya mtama wa zamani. Mkewe anajua ni ya nini na halipendi jambo hilo, kwa kuwa ndege wa shamba zima huanzia pale.

Uti wa tiara, yaani bua linalosimama wima, anautumia mzima. Bawa, lile la kulala, analipasua. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwamba natazama kazi ya watu wazima. Anaweka kisu kwenye ncha, anakigonga mara moja kwa kiganja, kisha anakiacha. Kinachofuata mpasuko ni kidole gumba, kinakwenda kando ya ganda polepole, na kila mpasuko unapotaka kukimbilia upande mmoja anaupinda ule upande mwingine ili urudi katikati. Alinipa nijaribu. Langu lilitoka na ncha moja nene kama kalamu na nyingine kama wembe. Lake lilitoka sawa mwanzo hadi mwisho. Akalikuna moyo kwa kigae cha chupa, akalilaza juu ya makali ya kisu kama mzani, likainama kushoto, akakuna kushoto kidogo, likainama tena, akakuna tena, na mara ya nne likatulia. Hakupima kwa rula wala hakutafuta katikati kwa macho. Aliliuliza bua lenyewe.

Bawa lililopasuliwa hujipinda upepo unapolipiga, ncha zote mbili zikarudi nyuma kidogo. Wahandisi wana maelezo marefu kuhusu jambo hili: tiara iliyopinda hivyo ikiinama kushoto, upande wa kushoto hupata upepo zaidi na kuisukuma irudi. Mzee alisema tu kwamba ndege naye haruki na mabawa yaliyonyooka kama ubao.

Kipimo ni shubiri. Uti shubiri tatu, bawa shubiri mbili na nusu, na vinakutana shubiri moja kasoro vidole viwili kutoka juu. Kwa kuwa shubiri ni ya mwenye mkono, tiara ya mjukuu hutoka ndogo na ya babu hutoka kubwa, na zote zina umbo lilelile. Mahali pa kukutania hapatobolewi. Ukitoboa bua umeliua, alisema, litakatikia hapo hapo siku ya upepo. Anafunga kwa uzi uliopakwa gundi, msalaba mara nne huku na mara nne kule, halafu anazungusha katikati ya fundo ili likaze, na gundi ikikauka fundo linakuwa kitu kimoja na bua.

Gundi ni ya muhogo. Unga wa udaga, maji, moto mdogo, koroga hadi ipite uji lakini isifike ugali. Wajukuu walipendekeza utomvu wa minyaa, kwa kuwa ua zima limezungushiwa minyaa na utomvu wake unanata kweli. Akawakemea kwa sauti ambayo hakuitumia tena siku hiyo. Anamjua mtoto aliyeingiwa na utomvu huo machoni.

Karatasi ni gazeti. Karatasi ya magazeti huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50 kwa mita ya mraba, na tiara ya ukubwa huu haifikii hata robo ya mita ya mraba. Kwa hiyo ngozi yake yote haifiki gramu 13. Mfuko wa saruji wa karatasi una nguvu zaidi, na ukiubandua tabaka moja moja unafaa kwa siku za upepo mkali. Majarida ya karatasi ya kung'aa, kama haya tunayoandikia sisi, aliyapima mkononi na kuyarudisha. Mazito. Sikujisikia vibaya sana, maana gazeti alilolichagua lilikuwa kurasa za matangazo ya zabuni.

Anakunja kingo za karatasi juu ya uzi unaozunguka ncha nne, anapaka gundi kwa unyoya wa kuku, nyembamba, kiasi cha kulowesha tu. Gundi ikizidi karatasi hujivuta inapokauka na tiara inakuwa na uso wa mzee, mikunjo mitupu. Kisha inaachwa kivulini. Hili la kivuli lilichukua mchana mzima na hakuna aliyeharakisha.

Mwezi mmoja kabla nilikuwa Nyarugusu, Geita, kwa shughuli nyingine kabisa. Nyarugusu ni nchi ya maduara ya dhahabu na makarasha. Kelele za mawe yanayosagwa haziishi mchana kutwa. Juu ya rundo la marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, watoto watatu walikuwa wanarusha tiara, na lazima niwe mkweli: ilikuwa inaruka vizuri kuliko tiara yoyote ya gazeti niliyowahi kuiona. Ngozi yake ilikuwa nailoni nyeusi. Uzi wake ulikuwa nyuzi za viroba, vile vya kubebea mawe ya dhahabu, zimefumuliwa moja moja na kuungwa kwa mafundo madogo ambayo seremala yeyote wa mashua angeyasifu. Watoto wale ni mafundi. Nailoni hailowi, haihitaji gundi, haichaniki ovyo. Uzi wa kiroba haukatiki kwa urahisi, na kiroba kiko kila mahali bila malipo.

Kando ya mwalo wa kuoshea mchanga kulikuwa na mgunga mmoja. Nilihesabu nyuzi zilizonasa kwenye miiba yake hadi nikachoka. Ndege aina ya mnana walikuwa wamezifuma kwenye viota vyao, samawati kwa nyeupe, kazi nzuri ya kupendeza, isipokuwa kwamba majani ya kiota huoza na kuanguka, na uzi ule utakuwa pale mtoto wa mtoto wa mnana atakapotia mguu. Nikawaambia wale watoto jambo moja tu, kwamba mfuko wowote uliotoka plenti, uliobeba dawa za kukamatia dhahabu, wasiuguse hata kama ni mwepesi namna gani. Walinitazama kama wanavyotazamwa wageni wote wanaotoa nasaha.

Mifuko ya rambo ndiyo iliyokuwa ngozi ya tiara za Tanzania kwa kizazi kizima. Tarehe 1 Juni 2019 ikapigwa marufuku bara. Zanzibar walikwisha kuipiga marufuku miaka mingi nyuma, na Kenya mwaka 2017. Ile iliyokuja badala yake, ya kufanana na kitambaa, inavujisha upepo na haifai kwa tiara. Sijaona mtu akiandika juu ya pigo hili kwa michezo ya watoto, labda kwa sababu watoto hawakulalamika. Walihamia kwenye nailoni nyingine. Marufuku ilikuwa halali kabisa, kwa ng'ombe waliokufa na mifuko tumboni na kwa mitaro iliyoziba. Lakini mtoto alinyang'anywa kitu kirahisi na hakuna aliyemfundisha kile kigumu.

Maana kigumu kweli ni uzi. Bua na karatasi mtu anaweza kujifunza kwa Jumamosi moja. Uzi ni habari nyingine.

Mzee aliingia maduka matatu mjini Shinyanga akitafuta uzi wa pamba. Shinyanga, nchi ya pamba! Kabla Simiyu haijamegwa kuwa mkoa mwaka 2012, mkoa huu ulikuwa kitovu cha pamba ya nchi. Katika kila duka alikata kipande, akatoka nje, akakiwasha kiberiti. Uzi wa pamba ukiungua hunuka kama karatasi na kuacha jivu linalopukutika ukilipuliza. Uzi wa plastiki hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu, kama ushanga. Maduka yote matatu yalimpa shanga. Akarudi nyumbani, akachukua pamba kutoka ghala la mwanawe, akaanza kusokota.

Ana kijiti kilichopitishwa kwenye kigae cha kibuyu, kinazunguka kama pia. Pamba anaichambua kwa vidole, mbegu moja moja, kazi ambayo maisha yake yote aliitazama ikifanywa na roli za kiwanda. Kisha anaivuta. Unyuzi mmoja wa pamba yetu hauzidi sana sentimita 3. Uzi wa mita mia ni nyuzi fupi zisizohesabika zinazoshikana kwa msokoto tu, hakuna gundi wala fundo. Ukivuta haraka unakatika, ukichelewa unatoka mnene. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaachia, na kati ya mikono hiyo miwili kuna pembetatu ndogo nyeupe ambapo pamba inageuka uzi. Niliitazama pembetatu hiyo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Haikuwa inakua wala kupungua. Pamba iliingia huku, uzi ukatoka kule, nayo ikabaki palepale kati ya vidole vyake kama mwali wa kibatari usio na upepo.

Uzi mmoja hautoshi. Anachukua mitatu iliyosokotwa kwenda kulia, anaisokota pamoja kwenda kushoto, ili kila mmoja unapotaka kufumuka umkaze mwenzake. Mwisho anaupitisha kwenye uji mwembamba wa muhogo na kuukausha kati ya miti miwili, kulaza manyoya. Hatua mia moja za uzi zilimchukua jioni tisa.

Nikamuuliza kwa nini asitumie katani, mbona mistari ya katani ipo kwenye mipaka ya mashamba. Akasema katani ni ya mbuzi. Ina nguvu lakini ni kaidi, haikubali kusokotwa nyembamba, na tiara ndogo ikivuta uzi mzito inafanya kazi ya punda. Kwa tiara kubwa, ya watu wawili, hapo sawa. Niliiweka akilini hiyo kwa ajili ya Tanga. Katani ya nchi hii ilianzia upande wao, mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida ikafika 62 tu ikiwa hai, na kutoka humo yakazaliwa mashamba yote yale. Mji uliojengwa kwa nyuzi haukosi kamba ya tiara kubwa.

Uzi, ukifikiria, ndio unaoamua kama tamasha ni rafiki au adui. Gujarat, huko India, walikotoka wengi wa wafanyabiashara waliomiliki viwanda vya pamba vya Usukuma kabla ya ushirika, watu hupanda juu ya mapaa kila tarehe 14 Januari kurusha tiara na kukatana nyuzi. Uzi wao wa jadi ni wa pamba uliopakwa uji wa wanga na unga wa chupa. Huo tayari unakata. Ulipoingia wa nailoni, usiokatika wala kuoza, ndege walizidi kuanguka na waendesha pikipiki kukatwa shingo, hadi mahakama yao ya mazingira ikaupiga marufuku nchi nzima mwaka 2017. Tiara zenyewe, karatasi na mianzi, hazikuwa na kosa. Na kwenye kisiwa cha Muna, Indonesia, hutengenezwa tiara ambazo ngozi yake ni majani makavu ya kiazi pori, kiunzi cha mianzi na uzi wa nyuzi za nanasi mwitu. Nilimweleza mzee habari hizo. Za Gujarat alizisikiliza kwa adabu. Za Muna zilimfanya aache kazi. Aliuliza majani yanakaushwa juani au kivulini, yanashonwa au yanabandikwa, na mimi sikuwa na jibu la kumridhisha. Siku iliyofuata nilimkuta na majani mapana matatu chini ya jiwe.

Mkia ulitoka kwenye kanga kuukuu ya mkewe, baada ya kiberiti kupita kwanza. Kipande cha kwanza kiliacha ushanga, kikatupwa. Cha pili kiliacha jivu. Urefu ni kama tiara yenyewe mara sita au saba, na ukiwa na shaka ongeza, kwa kuwa mkia unapunguzwa kwa meno lakini hauongezwi ukiwa uwanjani.

Hatamu nayo, ule uzi wa mbele unaoshikwa na uzi mkuu, ina fundo la kuteleza. Juu kidogo kwa upepo mkali, chini kidogo kwa upepo wa uvivu. Kidogo maana yake unene wa ukucha. Nilimwona akilisogeza, akishika tiara usoni mwa upepo, akilisogeza tena, mara saba, na tofauti kati ya mara ya tatu na ya saba sikuiona kabisa.

Tulitoka saa kumi. Mchana haufai. Ardhi ikishapata moto chamchela huzuka pote, nguzo za vumbi zinazotembea peke yake, na chamchela haina heshima kwa tiara ya mtu. Alasiri upepo wa kiangazi unatulia na kuvuma kwa mkono mmoja. Mzee alirusha vumbi, akalitazama, akatusogeza hatua thelathini kutoka pale nilipokuwa nimesimama, ili tuwe mbali na nguzo za umeme. Upande wa chini ya upepo kulikuwa na ngitili ya kijiji, yaani malisho yaliyohifadhiwa, migunga na nyasi ndefu.

Wazee wanasema zamani kurusha tiara hapa kulikuwa rahisi, kwa sababu hapakuwa na mti. Vichaka vilikwisha kufyekwa, kwanza kuwafukuza mbung'o, halafu kwa pamba na kuni, hadi Shinyanga ikawa mfano wa nchi inayogeuka jangwa. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa hekta 600 hivi; miaka chini ya ishirini baadaye zilipita hekta 300,000. Ni habari njema isiyo na mfano, na ndiyo inayonasa tiara za wajukuu. Hakuna anayelalamika, ila mjukuu mkubwa, na yeye ni kwa sababu ya miiba.

Kabla ya kuirusha nilifanya jambo la siri. Nilipokuwa naibeba, kidole changu kilitoboa karatasi karibu na ncha ya bawa, kijitundu cha ukubwa wa senti. Mzee alikuwa mbele anaongea na watoto. Nilikuwa na selotepu kwenye mkoba wangu wa kazi. Nikakata kipande, nikabandika, nikakisugua kwa kucha hadi kikafichika.

Ilipanda kwa mara ya pili. Mara ya kwanza iliinama kushoto, mzee akaishusha na kuongeza mkia kwa kiganja kimoja. Kisha ikapanda bila kukimbizwa, uzi ukitoka kwenye kigogo taratibu, mkia ukining'inia kama mtu asiye na haraka. Mwewe mmoja alikuja, akaizunguka mara mbili, akaona si mali yake, akaenda. Nilipewa uzi nishike. Nilidhani nitasikia mvuto. Nilichosikia ni mtetemo mwembamba, wa jambo linalofanyika mbali. Mzee alikuwa amekaa chini, anatazama mikono yangu badala ya tiara.

Ilikatika karibu na magharibi. Uzi wa pamba hukatika, ndiyo kasoro yake na ndiyo sababu yake. Tiara ilisita, ikageuka ubavu, ikaelea juu ya ngitili na kuzama nyuma ya migunga. Watoto walipiga kelele, "Arijojo!" kama watoto wa Mvita. Hakuna aliyetumwa kuifuata. Mzee alianza kukunja uzi uliobaki, hatua sitini na kitu, na njiani kurudi alikuwa anaongea juu ya majani yake matatu.

Usiku ule nilimpigia mpwa wangu. Nikamwambia asahau mapipa. Wasitafute bua la mtama, wana njukuti za mnazi, nyepesi na zinapinda vizuri. Magazeti yapo, kanga zipo. Mlangoni aweke mtu mmoja mwenye kiberiti: kila atakayeleta tiara akate kipande cha uzi na cha mkia, kiungue mbele ya watu, jivu apite, ushanga arudi nyumbani na asalimie. Wasishindane kukatana nyuzi. Na wasianze asubuhi, umande unapovuma kutoka bara kwenda baharini na kila kilichokatika kinawafuata kasa. Wangoje adhuhuri ipite, upepo ugeuke na kutoka baharini, ili arijojo iangukie mjini, juu ya miembe na mapaa ya watu.

"Uzi wa pamba tutaupata wapi, mjomba?"

"Msokote."

Kimya kirefu. "Mjomba, kwa masharti hayo zitakuja tiara tano."

"Basi tano."

Nilirudi Kolandoto Desemba, mvua zikiwa zimeanza na watu wanapanda. Mpwa wangu alikuwa bado hajapanga siku. Alikuwa amepata mama mmoja Pangani anayejua kusokota na alikuwa anakwenda kwake Jumapili. Mzee alikuwa shambani. Nikamwomba mjukuu mkubwa anipeleke ngitilini mahali tiara ilipoangukia, maana alipajua. Alikuwa amekwenda kuitazama kesho yake na kuiacha.

Tulipekua nyasi kwa muda. Chini ya mgunga wa tatu kulikuwa na kichuguu, na kando yake udongo mwekundu uliotandazwa na mchwa umenyooka kama mstari, urefu wa shubiri tatu hivi. Niliupangusa kwa kidole. Ndani hamkuwa na bua, mlikuwa na nafasi ya bua. Karatasi hakuna. Mkia wa kanga hakuna, isipokuwa doa la rangi kwenye udongo ambalo huenda lilikuwa mkia na huenda halikuwa. Uzi nao hakuna.

Mjukuu aliinama akaokota kitu, akakisafisha kwenye kaptula yake na kunipa. Kilikuwa kipande cha selotepu, cheupe, kinang'aa, alama ya ukucha wangu bado iko juu yake. Akaniuliza, "Hii babu aliipata wapi?"

Nikaitia mfukoni.